Nyuma ya Kadi

Droo ya kwanza ya kadi za vitabu ilipotupwa motoni nyuma ya maktaba ya chuo kikuu, Bibi Kadi aliikimbilia akaivuta kwa mikono mitupu. Mlinzi akamkamata ukosi wa gauni, akambwaga kwenye kokoto.

"Mama, tulia. Nisije nikakuumiza bure."

Kwa miaka ishirini na saba mwanamke huyu aliandika kadi hizo, kila kitabu na kadi yake. Mbele, jina na namba. Nyuma, kwa penseli, mahali kitabu kilipo hasa, maana paa lilivuja, rafu zikaoza, vitabu vikahamishiwa chini ya ngazi, stoo ya viti vibovu, hata chumba cha jenereta. Vijana wa kompyuta, walipohamishia orodha kwenye mashine, walinakili upande wa mbele tu. Nani alikuwa na haja ya kugeuza?

Mkutubi Mkuu akatokea, akipepea moshi kwa faili. Alipoajiriwa hakujua a wala be ya kupanga vitabu. Bibi Kadi ndiye aliyemfundisha, kwa kadi hizohizo, hadi akapata shahada.

"Mkuu, nipe wiki mbili niingize maandishi ya nyuma. Bila hizi, nusu ya vitabu havitaonekana tena. Mwanafunzi ataambiwa na kompyuta kipo, akienda rafuni anakuta vumbi."

"Wafadhili wanazindua mfumo mpya kesho. Waje waone takataka hizi?"

"Takataka? Si ndizo zilizokupa shahada?"

Walinzi wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

"Mtoeni," Mkuu alisema.

Aliwaponyoka, akakimbilia ndani, akalikumbatia kabati lililobaki na kutumbukiza mkono wa kulia ndani ya droo. Mlinzi akamvuta nywele. Hakuachia. Akala marungu mawili ya mgongo, hakuachia. Ndipo mlinzi akaipiga droo teke, ikajifunga. Vidole vinne vilivunjika kama kuni kavu. Yowe lake liliwafikia wanafunzi katika chumba cha kusomea. Wakanyanyua vichwa, wachache wakanyanyua simu. Ilikuwa wiki ya mitihani. Wakainama tena.

Kufikia saa kumi jioni hapakuwa na kadi hata moja.

Asubuhi Mkuu alimfuata katika zahanati ya chuo, amevaa suti mpya, mlinzi yuleyule nyuma yake.

"Uliteleza kwenye ngazi," alisema, akimsomea karatasi. "Na umeomba mwenyewe kustaafu. Ukikataa, polisi wako nje. Kuharibu mali ya chuo si mchezo."

Bibi Kadi aliinua bandeji. Alikuwa na hasira hata machozi yalikataa kutoka. "Nitasaini na nini?"

"Usijali, mama yangu. Mambo ni ya kisasa siku hizi."

Akatoa kifaa kidogo chenye kioo, cha kusaini kwa alama ya kidole kwenye mfumo mpya. Mlinzi akamkandamiza bega kitandani. Mkuu akakishika kiganja chake cha kushoto, akakunjua ngumi kidole kwa kidole, akabana dole gumba kwenye kioo. Kifaa kikalia. Kikaandika: ASANTE.

Mkuu alikifuta kioo taratibu kwa leso, alama yote ikatoka. Wageni walikuwa wameshafika getini, na kifaa hicho ndicho walichopangiwa kuoneshwa kwanza.