Bibi Harusi Nyuma ya Mabati

"Samah, simama! Vua hivyo vibanio, tunaondoka."

"Hasimami," nilisema. "Nywele ziko nusu. Akitoka hivi, Hamdi atadhani mmembadilishia mke."

"Usinitanie, Mama Yara! Leo si siku ya kunitania!"

Mama Galal alikuwa katikati ya saluni yangu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kimeng'oka. Alikuwa ameingia kwa ule ujia uliobaki kati ya mabati ya mradi na kuta za nyumba zetu, na kisigino kimebaki kwenye ubao unaofunika mtaro. Binti yake Samah, bibi harusi, alikuwa kitini mbele ya kioo, upande mmoja wa kichwa umepambwa na mwingine umejaa vibanio. Alikuwa akimtazama mama yake kupitia kioo na kujizuia kulia, kwa sababu wanja ulikuwa bado mbichi.

"Uliniambia nini?" Mama Galal aliendelea. "Uliniambia Alhamisi mabati yanafunguliwa. Uliniambia bwana harusi atafika mlangoni kama watu wote."

"Na mimi niliambiwa hivyo."

"Uliambiwa! Na mimi nikauambia ukoo mzima. Shangazi zake wamekodi basi kutoka Tanta. Wapiga ngoma wako barabarani kule, wamesimama kama wanangoja mkate. Sasa binti yangu atatokaje hapa? Apenyezwe chini ya mlango kama barua?"

Dalal, msaidizi wangu kwa miaka kumi na mbili sasa, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, alicheka. Nilimkazia jicho. Akageukia pasi ya nywele.

Nikatazama nje. Sikuwa na haja, nilijua nitaona nini. Hatua moja kutoka kizingitini palikuwa na bati la kijani, refu kuliko mlango, na bati hilo nimeliangalia miezi kumi na minne. Lilipofika, waliniambia ni miezi mitano. Wanachimba kituo cha metro, walisema, na kituo kikiisha Mtaa wa Tarabishi utakuwa dhahabu. Muuza juisi wa pembeni alikubali, akasubiri dhahabu, na mwezi wa tisa alifunga akaenda kuuza soksi kwa shemeji yake. Fundi saa alimfuata. Upande wetu wa mtaa tulibaki wawili: mimi na mzee anayekarabati majiko, ambaye wateja wake hawajali vumbi. Saa nne asubuhi ilibidi niwashe taa kama usiku. Chungu cha mrehani nilichoweka dirishani kilikufa. Nywele nilizozikausha zilipata mchanga kabla mteja hajafika barabarani.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichokuwa kinaniua ni maharusi. Kwetu bibi harusi hatoki kwao, hutoka saluni. Bwana harusi humfuata mlangoni pake akiwa na ngoma na zumari, humpa mkono, na wawili hao hutoka bega kwa bega huku mtaa mzima ukipiga vigelegele. Watu hawakumbuki aliyetengeneza shungi. Wanakumbuka mlango aliotokea. Saluni isiyo na mlango wa kumtoa bibi harusi ni duka la shampuu tu, na shampuu inauzwa kila kona.

Tangu Ramadhani nilikuwa sijapata bibi harusi hata mmoja. Samah alikuwa wa kwanza. Mama yake anajuana na kila mwanamke mwenye binti wa kuozwa kuanzia kwetu hadi stesheni. Akitoka hapa kwa heshima, nitapata wengine. Akitoka huku analia, nitang'oa vioo vyangu ukutani wiki ijayo. Mimi nililijua hilo, Dalal alilijua, na Mama Galal alilijua kuliko sisi.

"Nampigia Mhandisi Rauf," nilisema.

"Mpigie na baba yake!"

Rauf alikuwa kijana wa mradi aliyepewa kazi ya kutusaidia sisi wenye maduka. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni. Sitamsema vibaya, alikuwa mpole, anasalimia, anaulizia watoto. Msaada wake ndio ulikuwa na kasoro. Alituletea bango kubwa lililoandikwa MADUKA YAPO WAZI, akalitundika ndani ya ujia, mahali ambapo halionekani na mtu yeyote ila yule aliyekwisha kuingia. Alituita kwenye kikao tukapewa biskuti na somo la kutangaza biashara kwa simu. Mimi nina diploma ya biashara, nilisoma nikiwa na mimba ya Yara. Sikuhitaji kufundishwa kutangaza. Nilihitaji bati moja liondoke.

Na hilo nilimwambia, kwa maneno hayo hayo. Akafikiri, akaandika, akarudi na karatasi yenye muhuri: kila Alhamisi, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku, bati lililo mbele ya Saluni Nashwa, yaani yangu, litafunguliwa, na maharusi watapita juu ya paa la kituo, ambalo limekwisha kumwagwa zege na kukauka, hadi geti la malori kwenye barabara kuu. Hatua thelathini. Niliihesabu karatasi ile kuwa ni ukombozi. Nikaipiga picha, nikamtumia Mama Galal.

Rauf alifika baada ya robo saa, kofia ya plastiki kichwani, amepita ujia kwa ubavu.

"Salamu alaykum. Hongera, bibi harusi."

"Hongera ya nini?" Mama Galal alimrukia. "Fungua bati!"

"Mama yangu, ningefungua kwa mikono yangu. Lakini leo kreni inabeba mabomba juu ya paa. Kibali cha kufungua kinatakiwa kisainiwe na meneja wa usalama, na meneja yuko kituo kingine. Nimempigia tangu mchana. Jumapili, Mungu akipenda, kila kitu kitakuwa sawa."

"Jumapili binti yangu atakuwa na siku tatu za ndoa! Unataka atoke saluni kwenda wapi Jumapili? Sokoni?"

"Kuna ujia, mama," Rauf alisema taratibu. "Tuliuacha makusudi. Sentimita themanini. Nilipima mwenyewe. Hata jeneza linapita."

Samah alishika mdomo. Dalal alisema "Ya Rabbi!" akaangusha pasi.

"Jeneza?" Sauti ya Mama Galal ilishuka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Unamtajia binti yangu jeneza siku ya harusi yake? Wewe mama yako alikulea au uliokotwa?"

"Sikukusudia, wallahi. Nilisema kwa upana..."

"Upana! Mhandisi, umeoa?" nilimwuliza.

"Bado."

"Inaonekana. Ulipima mtu mmoja. Bibi harusi si mtu mmoja. Ana mwanamume mkono huu, ana gauni ambalo pete yake ya chini ni mita moja na nusu, na ana shela ambayo watu wawili wanaishika. Akipita kwenye ujia wako atatangulia peke yake, ameminya gauni kama mtu anayevuka tope, mumewe anamfuata kisogoni. Mwanamke anayetoka saluni peke yake kwenda kumtafuta mume barabarani, kwetu anaitwaje?"

Masikio yake yalikuwa mekundu. Mtoto wa mji huu huu, na siku zote zile hakuna aliyefikiri, si yeye, si mimi niliyeshika futi nikapima mabega yangu mwenyewe na kusema inatosha.

Simu ya Samah ililia. Aliitazama, akampa mama yake. Tulimsikia Hamdi wote, kwa sababu alikuwa anapiga kelele kuishinda ngoma.

"Mama, askari wa barabarani anasema niondoe magari! Nimempa dakika ishirini kwa kumbembeleza. Niko getini. Nije au nisije?"

"Baki hapo hapo!" Mama Galal alikata simu, akaniangalia. "Mama Yara, sikiliza. Sina ugomvi na mkono wako, mkono wako ni mzuri. Lakini nampeleka kwa Fifi wa barabara kuu. Amalizie pale, atokee pale."

"Utampitishaje na kichwa hiki?"

"Nitamfunga kitambaa."

"Mama," Samah alisema, neno lake la kwanza tangu ugomvi uanze. "Kwa Fifi sitaki. Na kitambaa sitaki. Sitaki kutoka hapa kama mwizi."

"Basi utalala hapa!"

Hewa ilikuwa nzito kwa dawa ya nywele na watu watano ndani ya chumba kisichokuwa na mahali pa kupumulia. Nje kreni ilinguruma, bati likatetemeka, na vibanio vikacheza kwenye sahani. Nilifikiria kumwachia aende. Nilifikiria ada ya shule ya Yara, na mume wangu aliye Kuwait ambaye kila Ijumaa huniuliza kama mtaa umefunguliwa, nami humwambia bado kidogo. Nilisoma tena tangazo lililobandikwa kwenye bati, nililoamka nalo kila siku: *Atakayegusa uzio huu, duka lake litafungwa mara moja.*

"Dalal," nilisema, "maliza upande wa kushoto. Usirembe sana, fanya haraka."

"Mama Yara, nimesema tunaondoka!"

"Mtaondoka. Mhandisi, kreni inasimama saa ngapi?"

"Haisimami. Zamu ni hadi saa tatu."

"Fundi Bakri wa kreni huwa anasali magharibi wapi?"

Rauf alinitazama. Alifahamu, naona, kabla mimi sijamaliza kufahamu. Miezi kumi na minne nimesikiliza mashine ile kuliko mtu anavyosikiliza redio. Kila adhana ya magharibi inanyamaza, na ya leo ilibakiza dakika chache. Bakri hushuka, hutawadha kwa chupa, husali kando ya mabomba, hunywa chai ya glasi. Robo saa, wakati mwingine zaidi kama kuna mtu wa kupiga naye soga. Hakuna chombo kinachotembea juu ya paa lile robo saa hiyo.

"Hapana," alisema. "Mama Yara, hapana. Faili lako la msaada litafutwa. Watafunga duka kwa mnyororo. Hata mimi sitaweza kukutetea."

"Faili langu lina nini ndani yake? Biskuti?"

"Lina ahadi."

"Bango nalo ni ahadi. Nimechoka kusaidiwa, mwanangu. Nikifungiwa kesho, nitafungiwa nikiwa nimetoa bibi harusi. Nisipofungiwa, nitajifungia mwenyewe kufika mwisho wa mwezi, na hakuna atakayejua. Wewe chagua kazi yako. Nenda getini ukamwambie mlinzi afungue, au baki hapa uandike jina langu. Kalamu iko pale."

Alivua kofia, akaivaa tena. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Naye alikuwa na bati lake mbele ya uso.

"Geti lina mlinzi kutoka Sohag," alisema mwishowe. "Hafungui mpaka aone mtu wa mradi."

"Basi akuone. Na uangalie njia, vyuma vyote viwe kando. Wasipite nje ya zege."

"Zege ni imara," alisema kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa hatimaye jambo analolijua. "Hapo wapite hata mia."

Aliondoka kwa ubavu. Mama Galal alikaa kwenye kiti cha wateja kwa mara ya kwanza, kiatu kimelala mapajani.

"Wewe mwanamke una wazimu," alisema.

"Chukua viatu vyangu pale kabatini. Namba yetu ni moja."

Adhana ilianza msikiti wa nyuma, ikajibiwa na mwingine. Kreni ilikohoa na kunyamaza. Ukimya ulipoingia saluni, hata Samah aliinua kichwa. Nilitoka na spana niliyoiomba kwa mzee wa majiko, ambaye hakuuliza ya nini ila alinifuata na ya pili mkononi. Nati zilikuwa nane, nne zake, nne zangu. Mbili zilikuwa na kutu, tukazipiga. Tangazo lilikuwa sawasawa na pua yangu wakati nazungusha ile ya juu. Nyuma yangu nilimsikia Dalal akisema, "Vuta pumzi, mwanangu, nakufunga," na zipu ikapanda.

"Mama Yara!" Sauti ya Rauf ilitoka upande wa pili. "Geti liko wazi!"

"Shika bati, lisije likaanguka kwa kishindo!"

Alilishika. Mzee naye akalishika huku. Nilitoa nati ya mwisho, tukalilaza taratibu juu ya zege, uso wa kijani chini. Upepo wa barabarani ukaingia moja kwa moja hadi kwenye kioo changu. Mbele hatua thelathini palikuwa na taa za magari, na Hamdi ameshaanza kuja, suti yake imebana, ngoma zikimfuata bila mpango. Fundi Bakri alikuwa amesimama kando ya mabomba na glasi ya chai, mdomo wazi.

Mama Galal alitoka na viatu vyangu miguuni. Alipanda juu ya bati, akalikanyaga mara mbili kwa nguvu, akaridhika. Kisha akageuka mlangoni na kupiga kigelegele kirefu, na Samah akatoka.