Kipande cha Baba

Kabla hata ya kunywa chai, Nassor alilishusha begi la magurudumu kutoka juu ya kabati, akaliegemeza mlangoni mahali ambapo kila mtu angelazimika kuliruka. Hakuna aliyekuwa anasafiri siku hiyo. Alitaka tu lionekane.

"Mapema yote hiyo?" aliuliza mkewe, Mwanahija, akijitanda mtandio mbele ya kioo.

"Nakupunguzia kazi ya jioni."

Kejeli hiyo ina asili yake. Kwa miaka miwili, watoto wao, Muzdalifa wa miaka tisa na Murshid wa miaka sita, walikuwa wakisomea nyumbani, ghorofa ya kumi na nne hapo Guangzhou, China. Mwalimu alikuwa mama yao, aliyewahi kushika chaki Unguja kabla ya kuolewa na mfanyabiashara wa vitambaa. Nassor hakuwa na neno na Kurani ya asubuhi, wala na Kiingereza. Ugomvi wake ulikuwa na unga. Kila akirudi kutoka soko la Zhongda alikuta unga kwenye zulia na gundi kwenye kiti chake, na akiuliza watoto wamesoma nini, anaambiwa wameoka biskuti. "Hii si skuli, huu ni mchezo," alikuwa akisema, na wiki iliyopita akaongeza kubwa zaidi: baada ya Idi watoto watakwenda Unguja kukaa kwa dada yake, wakasome skuli yenye kengele na mwalimu mkuu.

Mwanahija hakulia wala hakununa. Alitoa sharti. Jumanne hiyo alikuwa na mgeni, mama mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, wa kumtembeza soko la Zhanxi kuchagua nguo. Nassor abaki nyumbani, afundishe yeye. "Siku moja tu, Baba Muzdalifa. Fuata ratiba iliyo kwenye friji. Jioni ukiniambia bado ni mchezo, watoto waende, na mabegi nitayafunga kwa mikono yangu."

Nassor alikubali kabla mkewe hajamaliza sentensi. Mtu anayemshusha bei laoban wa Zhongda, mwenye duka la ghorofa nne, mpaka laoban akajuta kuamka, ashindwe na watoto wawili?

Ratiba ilisema Kurani saa mbili, kusoma saa tatu, na saa nne hesabu: mkate wa kumimina. Mchana ni kazi za mikono. Mpaka saa nne kasoro robo mwalimu alikuwa anapeta. Ndipo Muzdalifa akafungua kabati la jikoni na kutangaza kwamba unga wa mchele umekwisha.

"Vizuri sana," alisema Nassor, na alimaanisha, maana kununua ndiyo fani yake. "Vaeni viatu. Leo mtaona hesabu za kweli."

Duka lilikuwa chini ya jengo lao, la mama wa makamo anayewajua watoto wote wa lifti ile kwa majina. Rafuni kulikuwa na unga wa mchele wa namna mbili, mifuko myekundu na mifuko ya kijani. Nassor akachukua wa kijani.

"Mama huchukua mwekundu," alisema Muzdalifa.

"Mchele ni mchele, mwanangu."

Mwenye duka naye akatikisa kichwa. Akauchukua mfuko wa kijani mkononi mwa Nassor, akamwekea mwekundu. Hapo damu ya biashara ikamchemka Nassor. Miaka kumi na moja Guangzhou, mbinu hiyo aliijua fika: mteja akishika kitu, mwambie kibaya, umuuzie cha ghali. Akaurudisha mwekundu rafuni, akaukumbatia wa kijani. "Tai gui!" akasema, yaani ghali mno, ingawa bei alikuwa bado hajaambiwa. Yule mama akajibu "bu hao, bu hao", si mzuri, akawanyooshea watoto kidole, kisha akaigiza mtu anayetafuna mpaka taya zikagoma. Nassor akacheka kwa dharau. Maigizo hayo akamfanyie mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Baiyun jana! Akageuka kama anayeondoka, zile hatua tatu za polepole za kungoja kuitwa na muuzaji. Hakuitwa. Ikabidi arudi mwenyewe. Mwishowe mama wa watu alichoka, akampa mifuko miwili ya kijani kwa bei ya mmoja na nusu, akamtazama Muzdalifa kwa huruma.

"Mmeona?" alisema Nassor kwenye lifti. "Hiyo ndiyo hesabu."

"Baba, yule mama alikuwa anakwambia kwamba..."

"Najua alichokuwa ananiambia."

Muzdalifa akabonyeza kitufe cha kumi na nne. Alizungumza Kichina na yule mama kila siku ya Mungu, tena vizuri kuliko baba yake, lakini mwalimu alikuwa hajauliza.

Jikoni kwao hakukuwa na oveni, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mji huo. Mwanahija huoka ndani ya sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nassor alivua saa, akakunja mikono ya kanzu na kuwapanga watu wake: Muzdalifa apime, Murshid amimine. Vikombe viwili vya unga, tui la kopo, sukari, hamira, iliki. Kila alichomimina Murshid, nusu kiliingia bakulini na nusu kikamwingia Murshid.

"Hesabu sasa," alisema Nassor. "Nusu ya vikombe viwili ni nini?"

Murshid alifikiri. "Vya chai au vya kahawa?"

Nassor akageuka kuvitazama vikombe. Swali lilikuwa la haki kabisa.

Mchanganyiko ulitakiwa uumuke. Walingoja saa nzima, nao ukalala vilevile. "Mama husubiri mpaka vitoke viputo," alisema Muzdalifa. Nassor akasema viputo vitatoka hukohuko ndani, akaumimina sufuriani, akabonyeza kitufe na kujisifu kidogo kwa sauti.

Saa saba kifuniko kilifunguliwa. Ndani mlikuwa na donge jeupe linalong'aa, linalowatazama. Nassor alichoma kisu kulikata, kisu kikaingia na kikakataa kutoka. Akavuta. Kikaja kisu, likaja donge, ikaja na sufuria yenyewe. Murshid alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka kumsaidia baba yake, na vidole vyake vikazama na kubaki humo. Akauleta mkono wa pili, huo ukashika ndevu. Kwa dakika nzima baba na mwana waliunganishwa kwa mkate wa kumimina huku Muzdalifa akihangaika kutafuta chupa ya mafuta.

Walipoachanishwa, Murshid hakuwa akicheka tena. "Baba, mkate ukiharibika tunaondoka au tunabaki?"

"Nani kakwambia mnaondoka?"

Mtoto akanyoosha kidole chake chenye mafuta kuelekea mlangoni, kwenye begi. Nassor akajitia kufuta meza.

"Sikilizeni," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayefunga biashara. "Hiki tunakitia kwenye mfuko mweusi. Naagiza keki kwa simu, nzuri, ya rangi. Mama hana haja ya kujua."

Lakini Muzdalifa alikwishatoa daftari. "Lazima niandike, Baba. Kila tukioka tunaandika kilichotokea na sababu yake. Kikiharibika ndiyo tunaandika zaidi."

"Hebu nilione hilo daftari."

Alilichukua ili aone kama ukurasa unaweza kurukwa. Akasoma, mwandiko wa mwanzo ukiwa mkubwa na wa kupinda. *Maandazi. Yamekuwa magumu. Sababu: hamira ya zamani. Kipande cha Baba: kipo kwenye friji.* Chini yake: *Keki ya ndizi. Nzuri. Sababu: tumepima. Kipande cha Baba: amerudi tumelala. Amekula Murshid.* Akafunua. *Biskuti za nazi. Zimeungua chini. Kipande cha Baba: amekula Murshid.* Akafunua tena. *Kipande cha Baba: kimeota ukungu. Tumeutazama kwa kioo cha kukuzia. Ni wa kijani.* Kurasa zikaenda hivyo, mwandiko ukinyooka mwezi hadi mwezi, na kila mara mstari wa mwisho ulikuwa wake. Alivikumbuka vile visahani vilivyofunikwa kisosi kwenye friji. Miaka miwili alidhani ni viporo.

Ukurasa wa wiki iliyopita ulisema: *Mkate wa tende. Mzuri sana. Kipande cha Baba: hatukuweka.*

Nassor aliona aibu, aibu kamili, ile ya mtu mzima mbele ya watoto wake.

"Hapa mbona hamkuweka?"

"Murshid alisema bora akile kikiwa bado cha moto," alijibu Muzdalifa. Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililouma.

"Cha leo niwekee."

Muzdalifa alilitazama donge. "Baba, hiki hakiliki."

"Niwekee hivyo hivyo."

Muzdalifa alipokuwa analikwangua, kipande cha kitambaa kutoka rundo la sampuli za baba yake kiliangukia donge na kushika. Akakivuta, hakikubanduka. Nassor naye akakivuta, hakikubanduka. Na hapo uso wake ukabadilika, akawa kama mtoto wa miaka kumi. Alikumbuka namna yeye na wenzake Unguja walivyokuwa wakiunda tiara za kurusha angani, na jinsi walivyoiba wali wa jana kugandishia, kwa sababu hakuna mzazi aliyekubali kununua gundi ya mchezo.

"Leteni vijiti vya kulia," alisema. "Na maji ya moto ya kulainishia gundi yetu. Na uzi wa mama yenu."

Mwalimu alianza kazi saa nane mchana. Aliwafundisha kupasua kijiti bila kukivunja, kupinda cha kulala na kuacha cha kusimama, kupima mizani ya tiara kwa kidole kimoja. Murshid alipima mkia kwa nyayo zake na Muzdalifa kwa rula, wakapata majibu mawili, wakagombana kwa hoja mpaka wakagundua kosa la Murshid: alikuwa amevaa soksi za baba yake. Simu ya mzigo wa kontena iliita mara tatu kwenye kochi na hakuna aliyeinuka kuipokea.

Jua lilikuwa linazama Mwanahija alipofungua mlango na kuliruka begi. Alikuta unga kwenye zulia, gundi kwenye kiti, tiara tatu zikikauka dirishani, na mumewe sakafuni, ndevu zimegandamana upande mmoja. Muzdalifa alikuwa ndiyo kwanza amemletea baba yake kisahani kilichofunikwa kisosi, na Nassor alikuwa amekitia kipande chote kinywani.

"Haya, mwalimu," alisema Mwanahija. Alijitahidi sauti iwe ya mzaha, lakini macho yalimrudi kwenye begi. "Skuli au mchezo?"

Murshid akaenda kuushika mtandio wa mama yake. Muzdalifa hakusogea.

Nassor alitaka kujibu. Taya zikagoma. Akatafuna, zikagoma tena, na ndipo alipoyaelewa maigizo ya yule mama wa dukani, kila kipengele: wa kijani ulikuwa unga wa mchele unaonata. Akainua kidole kuomba subira. Akajaribu mara ya tatu. Kisha akaachana na maneno, akainuka, akaenda mlangoni, akalibeba begi, akapanda kiti na kulirudisha juu ya kabati. Akalisukuma mpaka likagonga ukuta. Alishuka, akarudi kuketi palepale sakafuni, bado anatafuna.

Mwanahija aligeuka upande wa dirisha, akawa anazitazama tiara kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Muzdalifa akafungua daftari magotini, akaandika pole pole, kwa mwandiko wake bora. *Mkate wa kumimina. Umekuwa gundi. Sababu: Baba hakumsikiliza mwenye duka. Kipande cha Baba: amekula Baba.*