Mto wa Ukutani

Mjukuu wangu, huyu ninayemwita mke mwenzangu, alitunga igizo la maisha ya babu yake. Mimi ndiye niliyemsimulia yote. Karibu yote.

Marehemu mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Kiatu cha fundi viatu, kitana cha kinyozi, sabuni yenye povu. Hayo ndiyo yaliyotulisha. Lakini Mungu alimpa macho mengine. Alikuwa akisimama mlangoni na kikombe mpaka chai inapoa, halafu ananiuliza, "Umeuona?" Mimi naona kuku wa jirani tu. Yeye kaona mto. Na akishaona hatulii mpaka achore, kisha aandike shairi pembeni. Mashairi yake yote yalianza na "Nimeona", basi mtaa mzima ukamwita Bwana Nimeona.

Picha yake kubwa kuliko zote aliichora kwenye ukuta wa sebule tuliyopanga, toka mlangoni mpaka dirishani. Mto unapanda mlima. Chini yake akaandika: Nimeona mto ukipanda mlima, maji yamejitwika ndoo. Picha hiyo haipo tena. Kila mtu anajua kwamba mwenye nyumba aliifuta.

Jumatano nikaenda kuangalia mazoezi ukumbini. Mke mwenzangu alikuwa amechora mto ule kwenye plaiwudi, akaupatia vizuri tu. Mara akaingia kijana mnene anayeigiza mwenye nyumba, ndoo ya chokaa mkononi, anafoka: "Nyumba yangu si daftari!" Akaupaka mto mpaka ukaisha. Binti anayeniigiza mimi akapiga magoti na kulia kwa sauti. Wenzake wakapiga makofi.

"Bibi, tumepatia?" mke mwenzangu akaniuliza, macho yanang'aa.

"Mmepatia. Ila mimi sikuwa mtu wa kupiga magoti, labda kwa kusugua sakafu."

"Na Jumamosi yule mama mshonaji anakuja, binti wa mwenye nyumba. Nimemtengea kiti cha mbele, karibu na wewe. Aone mambo ya baba yake."

Chai waliyonipa ilinipalia. Yule mama ananishonea nguo mwaka wa ishirini huu, na hajawahi kuniuliza lolote juu ya baba yake. Nikamwona amekaa pale, baba yake anazomewa na ukumbi mzima, na mimi ubavuni kwake nimenyamaza.

"Mke mwenzangu," nikasema, "kaa kwanza. Chokaa ile nilipaka mimi."

"Chokaa ipi?"

"Hiyo hiyo. Mwenye nyumba aliupenda ukuta ule. Ijumaa alikuwa akiwaleta wanawe kuutazama. Ila nilikuwa nimejifungua mama yako, na mama yangu alikuwa anakuja kumwona mtoto. Nikaona haya. Mama angesema nimeolewa na kichaa. Mume wangu alipotoka kwenda kazini asubuhi, nikachanganya chokaa kwenye beseni, mtoto mgongoni, nikapaka. Mama alipofika na kuona kona moja ina rangi, nikamwambia mwenye nyumba kakataa. Uongo ukaota mizizi."

Yule kijana mnene aliitua ndoo chini.

"Na babu?" Sauti ya mke mwenzangu ilikuwa ndogo.

"Alirudi jioni. Akautazama ukuta, akatazama viwiko vyangu, vyeupe kama vya mwokaji. Nikasema moyoni, leo nakwenda kwetu. Akasema, 'Hapa kwenye kona umeruka.' Akachukua brashi, akamalizia. Basi. Na watu walipouliza, akawa anajibu, 'Ah, wenye nyumba hao!' Mpaka anaingia kaburini hakunitaja."

Mke mwenzangu aliinama, akagusa chokaa mbichi ya plaiwudi kwa kidole. Nikafikiri nimemharibia kazi yake, na mapenzi yake kwangu yameondoka nayo.

"Bibi," akasema hatimaye, "wewe ni mwongo wa daraja la kwanza."

"Najua, mwanangu."

"Nipe siku mbili."

"Sasa mimi nabaki na nini?" kijana mnene akalalamika. "Nimekariri kurasa nne!"

"Kwenye igizo utakuja Ijumaa na watoto wako kutazama ukuta. Na uvae shati safi."

Alhamisi nikaenda kwa mama mshonaji, nikamwambia uso kwa uso. Alikuwa anapinda shela, hakusimamisha cherehani. "Baba alikuwa akisikia," akasema. "Alisema, waache, mimi nina mgongo mpana." Kisha akakata uzi kwa meno, akaniuliza onyesho linaanza saa ngapi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Tulikaa mbele, mimi na yeye. Binti anayeniigiza akaingia na beseni, mtoto wa vitambaa mgongoni, akaanza kupaka. Mto ukaisha, maji yakaisha, na ndoo nayo. Watu wakaguna. Nyuma yangu mwanamke mmoja akafyonza kwa nguvu: "Ona mjinga huyu! Mwanamke hana hata haya!"

Mama mshonaji akanigusa mkono. Nikamgeukia yule wa nyuma.

"Ndiye mimi huyo, mwanangu," nikamwambia. "Tulia sasa. Mume wangu anaingia."