Mara Tano Bila Kushika

"Kitendawili," nilimwambia mume wangu kwenye simu. "Ninaye mpiga ngoma, simlipi wala simwoni, ila siku akigoma nyumba nzima inalia."

"Moyo," akajibu. "Na wako umeshagoma mara moja. Ubembeleze."

Ndivyo alivyo fundi saa wangu. Moyo uliponishtua, daktari alinikataza ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu, juu ya kibanda chake. Binti yetu akanichukua kwake, nyumba ya chini, nikalazwa chumba kimoja na wajukuu. Mume wangu huja Jumapili, anakula, anaondoka jua likishuka. Miezi minne sasa. Miaka arobaini na tisa nimelala nikisikia saa za wateja zikigonga mezani, kila moja na wakati wake. Kwa binti yangu nasikia mapigo yangu tu, nami naogopa kuyahesabu.

Nesi wa kliniki alinipa sharti. "Bibi, ukiinuka kitini mara tano, mikono kifuani, bila kushika kitu, tutaongea habari ya ngazi."

Basi kila asubuhi nikawa nainuka na kukaa kwenye kiti changu. Wiki ya tatu nikafika saba. Nikajisifu kwa jirani, nikafunga begi kabisa.

Siku ya kliniki nikakuta kiti kifupi kama kigoda. Ya kwanza nikainuka. Ya pili. Ya tatu nikainuka kwa kujivuta. Ya nne nikarudi chini kama gunia.

"Nyumbani unafanyia kiti gani?" nesi akauliza.

Binti yangu akatazama sakafu. "Nilimwekea mito miwili. Nilimwona anahangaika."

"Miwili?" nikasema. "Mimi naujua mmoja."

"Ule mwingine nimeushonea ndani ya kitambaa cha kiti, Mama."

Nesi hakucheka. "Dada, unamlea kama yai. Mguu usiotumwa husahau njia. Mrudishe mwezi ujao, na mito uitoe."

Njiani binti yangu alilia kimya, ananishika kiwiko. Sikumgombeza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tangu nitoke hospitali ni yeye aliyekuwa mzazi wangu.

Tulipofika nikaitoa ile mito mwenyewe, nikakaa. Kumbe bila mito kiti changu kilikuwa chini sana. Simu ikalia.

"Nije na mkokoteni kuchukua begi?" akauliza mume wangu.

"Tatu," nikamwambia. "Nimefika tatu tu."

"Basi zimebaki mbili. Nakuja kukuhesabia."

"Leo si Jumapili, baba."

"Siku nazijua. Ndiyo kazi yangu."

Akafunga kibanda, akaja. Akakaa kwenye kitanda cha mjukuu, miwani puani, akahesabu kwa sauti kama mwalimu. Nikafika mbili, pumzi ikakatika. Akangoja. Nikajaribu tena, nikafika tatu.

"Kesho?" akauliza.

"Na wateja wako?"

"Saa mbovu haina haraka."

Jua likashuka, akavaa kofia yake. Nikainuka, nikamsindikiza, mkono wangu mbali na ukuta, hatua kumi na moja mpaka mlangoni. Hapo kuna kijingazi kimoja cha kutokea barabarani. Yeye akashuka. Mimi nikabaki juu, namtazama mgongo mpaka kona ikammeza.