Mlio wa Nne

…kabichi hii ina maganda kuliko kabichi yenyewe, nakata, natupa, nakata, simu bado ina joto mfukoni mwa aproni, Betri ndiyo kwanza amekata, Betri mwenzangu wa kituo cha redio, tulimpa jina hilo kwa kuwa hasinzii zamuni, ameniambia, Mama Pacha, ile ndege ya daktari haijatua, ina watu wanne, kabla hujatoka ulisikia chochote kwenye masafa ya dharura? nami nikajibu hapana kaka, kimya tupu, upesi upesi, kama mtu aliyeulizwa kama mlango ameufunga… "Mama Pacha, hiyo kabichi unaikata au unaiadhibu?" mama mkwe huyo, ameketi karibu na jiko akingoja chakula ameze dawa yake ya saa kumi na mbili, na mume wangu anadakia kutoka mezani, "Mwache mama, leo imemkosea," wanacheka, nami nacheka, mdomo unacheka… nilisikia. Saa kumi na dakika mbili nilisikia, mkoba ukiwa tayari begani, wiuu, wiuu, wiuu, sauti ya kile kisanduku kinachokaa mkiani mwa ndege, ambacho ndege ikipata kishindo kinalia chenyewe, na sindano ya mwelekeo ikaruka ikasimama kwenye digrii mia moja arobaini, upande wa milima, nikasema mafundi hao, kwa sababu mafundi wanaruhusiwa kujaribu visanduku vyao dakika tano za mwanzo wa kila saa, milio mitatu tu kisha wazime, kila siku wanatupigia kelele hizo, na kichwa kilikuwa kinaniuma tangu alfajiri, nikapunguza sauti mpaka mwisho, nikaandika daftarini hakuna tukio, nikatia sahihi, na Betri alipoingia robo saa baadaye nikaipandisha tena sauti, kukawa kimya, nikajiambia unaona, mafundi… kana kwamba kisanduku kilichoanguka hakiwezi kuzimika, kana kwamba antena haikatiki. Ilikuwa mitatu. Mkono ulifika kwenye kitufe cha sauti baada ya wa tatu, naamini ilikuwa mitatu, au… viazi, geuza viazi, visiungue… na wanaitafuta ziwani, Betri amesema, kwa kuwa rubani mara ya mwisho alisema anakaribia ziwa, boti zinazunguka huko na milimani hakuna hata mtu mmoja, ilhali mstari mmoja kutoka kituoni kwetu ukikata njia aliyopita ungewaonyesha bonde lenyewe, na mstari huo ninao mimi peke yangu, kichwani, hapa, juu ya sufuria. Nikisema, daftari litafunguliwa, sahihi itaonekana, miaka kumi na tisa itakwenda na maji, na meza hii inakula kwa kazi ile. Nisiposema hakuna atakayejua, na hilo ndilo baya lake, hakuna, hata Betri, mimi niliyewafundisha wageni wote pale kituoni kwamba mlio haukisiwi, unahesabiwa… "Mama, njaa!" mapacha, kwa pamoja, "Nendeni mkanawe kwanza, mikono hiyo mmetoka kulima?" na dirishani jua limebakiza nusu saa, helikopta haiingii mabondeni gizani, nusu saa, kisha ni mpaka kesho, na mtu mwenye mfupa uliovunjika hangoji mpaka kesho… Napakua. Ya mama mkwe, moja. Ya baba yao, mbili. Ya pacha mkubwa, tatu… upawa unabaki hewani, na pacha mdogo ananyanyua sahani yake, "Na mimi je? Mimi si mtu?" Nne. Ulikuwepo wa nne. Wiuu, ukakatikia chini ya kidole changu nikiwa nazungusha kitufe, nusu yake tu, lakini ulikuwepo, na mafundi hawapigi wa nne. Namjazia mwanangu sahani. Najipakulia yangu, tano, wote tupo, hakuna anayekosekana meza hii, naketi, natoa simu, na mume wangu anasema, "Si wewe uliyepiga marufuku simu wakati wa kula?" namwambia ndiyo, ni mimi, na kule Betri anapokea kabla haijaita mara mbili. "Kaka," nasema, "nilikudanganya. Chukua kalamu. Saa kumi na dakika mbili, mia moja arobaini."