Bloku ya Uso Mtupu

Gari lilirudishwa gereji kwa kuvutwa na kamba, rangi yake mpya iking'aa kama siku lilipotoka. Tangu asubuhi Mzee Nyundo alikuwa amesimama kando yake bila kugusa kitu. Mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, alikuwa na miezi miwili mahabusu kwa sababu ya injini waliyoifunga humo pamoja. Mwenye gari alikuwa ameshtaki kwamba namba imechezewa, kwa hiyo injini ni ya wizi. Leo mkaguzi angeipima, na neno lake ndilo lingesikilizwa mahakamani.

Dada mtu alikuwa kwenye benchi la mlangoni. Tangu aingie hakuwa amemwamkia kaka yake.

Mkaguzi alikuwa mnene, mwenye utani. Aliuliza kama gereji hii hufagiliwa akizaliwa mfalme, kisha akaingiza kichwa na tochi chini ya boneti. Akakwangua ubavu wa bloku, kile chuma kikuu cha injini, akasoma tarehe iliyomiminwa pamoja na chuma chenyewe.

"Makubwa haya," alisema. "Moyo umezaliwa miaka sita baada ya mwili."

Akapaka dawa mahali pa namba, akangoja. Alimweleza mama wa watu, taratibu, kwamba namba ikifutwa chuma hakisahau, kivuli chake hubaki chini kwa chini. Hapa kivuli cha namba nyingine hakikuwapo. Bloku hii kiwanda chenyewe kiliitengeneza iwe badala ya ile iliyopasuka, na za namna hiyo hutoka kiwandani uso mtupu, bila namba yoyote.

"Si ya wizi," alisema. Dada mtu akashusha pumzi. "Ila kuna mtu kaigongea namba ya gari kwa mkono, ionekane ndiyo ile ile ya mwanzo. Hilo nalo ni kosa, mama, na lina kifungo. Mwanao keshakiri."

Mzee Nyundo akatazama sakafu. Kijana alimsihi sana siku zile: mjomba, iache hivyo hivyo, huo uso mtupu ndio cheti chake. Lakini yeye, miaka arobaini ya ufundi, hajapata kutoa gari lenye pengo. Uso ule ulimkera kama mtoto asiyepewa jina. Kijana alipokwenda kutafuta raba za milango, mzee akatoa vichuma vyake vya kugongea namba, akagonga tarakimu saba, zikanyooka kama mstari wa rula. Akajiona kamaliza kazi. Na polisi walipokuja kumchukua kijana, ulimi wa mzee ukawa mzito kusema kweli, ukabaki mzito miezi miwili.

"Ni mimi," alisema sasa. "Mtoto ananisitiri."

Mkaguzi hakubisha. Aliokota kipande cha bati nene, akakiweka mezani, akamwomba agonge namba zile zile.

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umepigwa na kiharusi wiki ile ile ya kukamatwa kijana. Hospitali hakwenda, mkewe alimkanda kwa maji ya moto, basi. Siku hizi hata kikombe hukishika kwa mikono miwili. Akainua nyundo. Tatu ikalala chali, saba ikaipanda mgongoni. Kichuma kilichofuata kikateleza, nyundo ikamshukia kidole, kikatoa damu.

Alieleza habari za kiharusi. Mkaguzi akaulizia karatasi ya daktari, naye hakuwa nayo. Mkaguzi akaziangalia zile namba zilizonyooka za kwenye bloku, kisha akaangalia bati.

"Hata marehemu baba angenifanyia hivi, mzee wangu," alisema kwa upole, akaandika kwamba mjomba amejaribu kulibeba kosa la mpwawe.

Akafunga begi lake, akaaga, akaondoka.

Dada mtu aliinuka, akaja hadi mezani. Alilitazama lile bati lenye damu, akamtazama kaka yake usoni.

"Ulipiga wewe?"

"Nilipiga mimi."

Nje mtu alikuwa akiwasha gari lisilowaka, anajaribu tena na tena.

"Keshokutwa tunakwenda mahakamani," dada mtu alisema. "Utasimama mbele ya hakimu, useme tena."

"Hawataniamini, dada."

"Sikukuuliza kama watakuamini."