Hifadhi ya Fabricio Argüello

Ermelinda Zeledón alipomwona Fabricio Argüello akiingia ofisini, suruali imemlowa mvua ya San José mpaka magotini, moyo ulimruka kwa furaha mbaya. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kitivo chao cha chuo kikuu kule kwao Managua, ng'ambo ya mpaka. Ndiye aliyemwita msaliti mbele ya wanafunzi, akaamuru chupa zake za sampuli za maji ya ziwa, jasho la miaka ya utafiti, zimwagwe nyasini. Kosa la Ermelinda? Kusema ziwa lina sumu. Akakimbia, akavuka mpaka kwa miguu. Mama yake alipozikwa, aliyaona mazishi kwenye simu.

Sasa serikali ya kwao ilikuwa imemgeuka Argüello naye, na kamati ya kuwatafutia makazi na kazi wasomi waliokimbia nchi yao iliongozwa na Ermelinda.

"Doña Ermelinda," alisema, macho chini. "Sina pa kwenda."

"Leo mimi ni doña, bibi wa heshima? Juzijuzi nilikuwa msaliti."

"Niliamriwa."

"Na kucheka pia uliamriwa?"

Nuria Quesada, mwenyeji wa San José aliyefanya kazi na Ermelinda, akamvuta pembeni. "Mfukuze, dada. Naye aonje."

"Nimfukuze aende wapi? Namtaka karibu, nimwone kila asubuhi."

Ermelinda akampa Argüello kazi ya usaidizi katika maabara yake mwenyewe ya kupima maji, kwa sharti moja: asimame mbele ya wakimbizi wenzake, kamera zikiwaka, aseme alivyomtenda, na kwamba habari ya sumu aliijua tangu mwanzo.

"Nikisema hayo sirudi tena kwetu," Argüello alilalamika. "Nyumba yangu wataichukua!"

"Yangu wanakaa askari. Nasikia wanaisifu kwa upepo."

Argüello akayasema. Sauti yake ilizamishwa na zomeazomea za watu, akaendelea mpaka mwisho. Wiki haikuisha, nyumba yake ikachukuliwa. Habari zilimkuta Ermelinda mezani. Akaongeza wali na maharage, akala mpaka akalegeza mkanda.

Ajabu, Argüello alikuwa hodari wa vipimo vya maji, na jambo hilo lilimuudhi Ermelinda kuliko vile uzembe ungemuudhi.

"Hujamsamehe tu?" Nuria alimuuliza siku moja.

"Nimempa paa na kazi. Kamati haitoi kingine."

Akaingia maabarani. Argüello akainuka kwa heshima, kama kawaida yake. Ermelinda akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akamwacha amesimama.